Dawa ya Maumivu Haijui Panapouma

Katika maduka mengi ya dawa, mazungumzo kati ya mteja na mtoa dawa huanza na kuishia katika swali moja: "Unaumwa wapi?" Mteja hutaja mgongo, goti, kichwa au jino, na baada ya muda mfupi huondoka na vidonge vya diklofenaki au ibuprofeni mkononi. Swali hilo huulizwa kwa nia njema, lakini jibu lake halimsaidii sana mtoa dawa kujua kama vidonge hivyo ni salama kwa mtu aliyesimama mbele yake. Kidonge kikishamezwa hakina namna ya kujua kama kimetumwa gotini au kwenye jino. Huingia katika damu, huzunguka mwili mzima, na popote kinapokikuta kimeng'enya kinachokilenga, hukizuia kufanya kazi.

Nikiwa daktari bingwa wa magonjwa ya ndani, nina hoja moja ambayo ningependa wahudumu wa afya na wagonjwa tuijadili kwa pamoja. Dawa za kupunguza maumivu na uvimbe zisizo za steroidi, yaani diklofenaki, ibuprofeni, naproksini, indomethasini, piroksikamu, aspirini na ndugu zake, hazistahili kutolewa kwa kuuliza mahali panapouma pekee. Kabla ya swali hilo, au mara tu baada yake, tunapaswa kuuliza ni nani anayeumwa: ana umri gani, ana magonjwa gani mengine, ana ujauzito, ana homa, na anatumia dawa gani. Sababu za hoja hii haziko katika ukali wa dawa zenyewe. Ziko katika kazi ambayo mwili hufanya kila siku kwa kutumia mafuta, kazi ambayo dawa hizi huisimamisha.

Mafuta yanayogeuka kuwa ujumbe

Tunapozungumzia mafuta katika kliniki zetu, aghalabu tunazungumzia uzito, lehemu na mishipa ya moyo. Mafuta yana kazi nyingine ambayo haisemwi sana. Kila seli ya mwili imezungukwa na utando mwembamba uliojengwa kwa mafuta, na katika utando huo zimehifadhiwa asidi za mafuta za aina mbalimbali. Mojawapo ni asidi ya arakidoni, yenye atomi 20 za kaboni. Mwili huipata moja kwa moja kutoka katika vyakula kama nyama na mayai, au huitengeneza kutokana na asidi ya linolei iliyomo katika mafuta ya mimea kama vile ya alizeti na mahindi.

Asidi hiyo ikiwa bado imefungwa katika utando hukaa kimya. Seli inapojeruhiwa, inapovamiwa na vimelea au inapopokea amri fulani kutoka nje, kimeng'enya cha kwanza huikata asidi hiyo na kuiachilia. Vimeng'enya, kwa msomaji asiyezoea neno hili, ni protini zinazoharakisha mabadiliko ya kikemia bila zenyewe kuisha. Hapo vimeng'enya vingine huipokea asidi iliyoachiliwa na kuigeuza kuwa vitu vipya. Kimoja, kiitwacho saiklooksijenasi, huongeza oksijeni katika asidi hiyo na kuikunja hadi ipate umbo la pete. Kwa hatua chache zaidi hupatikana jamii ya kemikali ziitwazo prostaglandini, pamoja na ndugu zake wawili, prostasaiklini na thromboksani. Kimeng'enya kingine, lipoksijenasi, huielekeza asidi hiyohiyo kwenye njia tofauti, na mwisho wa njia hiyo ni likotrieni, kemikali ambazo hubana njia za hewa kwa mgonjwa wa pumu.

Kemikali hizi zinatofautiana na homoni kama insulini, ambayo hutengenezwa katika kongosho na kusafirishwa kwa damu hadi viungo vya mbali. Prostaglandini hutengenezwa palepale zinapohitajika, hufanya kazi jirani na mahali zilipotengenezwa, kisha huvunjwa katika muda mfupi. Ni ujumbe wa seli kwa jirani yake. Ujumbe huo ukitolewa kwenye kifundo kilichoteguka, huongeza mtiririko wa damu, huchangia uvimbe, na huzifanya neva za maumivu ziwe nyepesi kuhisi. Ukitolewa karibu na sehemu ya ubongo inayoratibu joto la mwili, huleta homa. Ndiyo maana dawa inayozuia saiklooksijenasi hupunguza maumivu, uvimbe na homa kwa pamoja. Mgonjwa huiona kama dawa yenye vipaji vitatu, kumbe ni dawa yenye kazi moja tu.

Tulitumia kabla ya kuelewa

Historia ya ugunduzi huu ina somo kwetu. Aspirini iliingia sokoni mwaka 1899, na ulimwengu uliitumia kwa zaidi ya miaka 70 bila kujua inafanya nini hasa ndani ya mwili. Katika miaka ya 1930 mwanasayansi wa Sweden, Ulf von Euler, alikuta katika shahawa kitu chenye uwezo wa kubadilisha shinikizo la damu na kukaza misuli laini. Akidhani kimetoka katika tezi ya prosteti, alikiita prostaglandini. Jina hilo limebaki hadi leo, ingawa baadaye ilidhihirika kwamba karibu kila tishu ya mwili hutengeneza kemikali za jamii hiyo.

Mwaka 1964 makundi mawili ya watafiti, moja la Sweden likiongozwa na Sune Bergström na jingine la Uholanzi, yalionyesha jambo ambalo ndilo kiini cha makala haya. Walichukua tezi za kondoo dume zinazotengeneza majimaji ya shahawa, wakazisaga, wakaziwekea asidi ya arakidoni, wakapata prostaglandini. Kwa maneno mengine, vimeng'enya vilivyomo katika tishu iliyosagwa viliichukua asidi ya mafuta ya kawaida na kuigeuza kuwa kemikali mpya yenye nguvu kubwa. Miaka saba baadaye, mwaka 1971, John Vane akiwa London alionyesha kwamba aspirini na dawa nyingine za aina yake huzuia utengenezaji huo. Mwaka 1982 Bergström, Vane na Bengt Samuelsson walitunukiwa kwa pamoja Tuzo ya Nobel ya Tiba.

Kuanzia mwaka 1971, basi, hatuna tena kisingizio cha kutojua. Tunajua kwamba dawa hizi hufunga mlango ambao mwili huutumia kugeuza mafuta kuwa ujumbe, na kwamba mlango huo haupo kwenye goti pekee.

Ujumbe huohuo, viungo vingine

Tumbo ndilo linalofahamika zaidi. Kuta za ndani za tumbo hulindwa na ute mzito pamoja na mtiririko mzuri wa damu, na prostaglandini ndizo zinazosimamia ulinzi huo. Ujumbe ukikatika, ute hupungua na asidi ya tumbo huanza kula ukuta wake. Hapa kuna dhana mbili zinazohitaji kusahihishwa. Ya kwanza ni kwamba sindano haidhuru tumbo kwa sababu haipiti tumboni. Sindano ya diklofenaki huingia katika damu na kufika kwenye kuta za tumbo kwa njia ya damu. Hatari ya vidonda na ya kuvuja damu inabaki palepale, na juu yake huongezeka hatari ya jipu au ya kujeruhiwa kwa neva mahali palipochomwa. Ya pili ni kwamba omeprazoli hutatua kila kitu. Omeprazoli hupunguza kweli madhara ya tumbo, lakini haina msaada wowote kwa figo.

Figo ndizo zinazonisumbua zaidi, kwa kuwa zenyewe hazilalamiki. Kwa mtu kijana mwenye afya njema aliyekunywa maji ya kutosha, figo hazizitegemei sana prostaglandini. Hali hubadilika pale damu inayofika kwenye figo inapopungua, kwa mfano mtu anapoharisha, anapotapika, anapofunga bila kunywa maji, anapofanya kazi juani siku nzima, au moyo wake unapokuwa dhaifu. Wakati huo figo hutengeneza prostaglandini ili kuuweka wazi mshipa unaoingiza damu kwenye vichujio vyake. Mtu akimeza diklofenaki katika saa hiyo, anaunyima mshipa huo ujumbe unaouweka wazi. Mshipa hubana, uchujaji hushuka, na sumu huanza kujikusanya katika damu. Mgonjwa hahisi maumivu yoyote kwenye figo. Pengine ataona mkojo umepungua na miguu imevimba, na mara nyingi hatahusisha hayo na vidonge vya mgongo.

Damu nayo ina hesabu yake. Chembe sahani, zinazosaidia damu kuganda, hutengeneza thromboksani ili zishikamane na kuziba jeraha. Kuta za mishipa hutengeneza prostasaiklini ili kuzizuia chembe hizo zisishikamane ovyo. Afya ya mishipa yetu inategemea mizani kati ya kemikali hizi mbili, zote zikiwa zimetokana na asidi ileile ya mafuta. Aspirini kwa dozi ndogo hukizima kimeng'enya cha chembe sahani moja kwa moja, na kwa kuwa chembe hizo hazina kiini cha kutengenezea kimeng'enya kipya, athari hudumu maisha yake yote, takriban siku 7 hadi 10. Hiyo ndiyo siri ya aspirini kwa mgonjwa aliyewahi kupata shambulio la moyo. Ni vema pia kufahamu kwamba ibuprofeni ikimezwa kabla ya aspirini huweza kuizuia isikifikie kimeng'enya hicho, hivyo mgonjwa wa moyo akadhani amelindwa kumbe ulinzi umepungua.

Kwa mama mjamzito, prostaglandini humfanyia mtoto kazi ambayo hakuna anayeiona. Mtoto aliye tumboni hapumui kwa mapafu, na damu yake nyingi huyapita mapafu kwa kupitia mshipa maalumu ulio karibu na moyo. Mshipa huo huwekwa wazi na prostaglandini. Mama akitumia dawa hizi katika miezi ya mwisho ya ujauzito, mshipa huweza kufunga kabla ya wakati. Kuanzia takriban wiki ya 20, dawa hizi huweza pia kudhoofisha figo za mtoto na kupunguza maji yanayomzunguka. Mwaka 2020 mamlaka ya dawa ya Marekani ilitoa tahadhari rasmi kuhusu jambo hilo. Si ajabu, kwa hiyo, kwamba maumivu ya mgongo ya mama mjamzito yanahitaji mazungumzo marefu kuliko ya mtu mwingine yeyote.

Tumaini lililovunjika

Mwanzoni mwa miaka ya 1990 iligunduliwa kwamba saiklooksijenasi ziko mbili. Ya kwanza hufanya kazi za kila siku katika tumbo na chembe sahani. Ya pili huongezeka sana panapotokea jeraha au uvimbe. Watafiti walitumaini kwamba wakiizuia ya pili peke yake, maumivu yangeondoka na tumbo lingebaki salama. Tumaini hilo lilikuwa na mantiki, na dawa za aina hiyo kweli ziliumiza tumbo kwa kiwango kidogo zaidi. Lakini kimeng'enya cha pili ndicho pia kinachochangia prostasaiklini katika kuta za mishipa. Kukizuia peke yake kuliiacha thromboksani bila mpinzani. Mwaka 2004 rofekoksibu, mojawapo ya dawa hizo, iliondolewa sokoni duniani kote baada ya utafiti kuonyesha kwamba iliongeza mashambulio ya moyo na kiharusi.

Mkasa huo haukuishia kwa dawa moja. Diklofenaki, ambayo kwetu huonekana ni dawa ya kawaida kabisa, nayo huelemea zaidi upande wa kimeng'enya cha pili. Mwaka 2013 mamlaka ya dawa ya Ulaya iliamua kwamba wagonjwa wenye magonjwa ya moyo yaliyothibitika au waliowahi kupata kiharusi wasiitumie. Uamuzi huo una maana kubwa kwetu, ambako shinikizo la damu linaongezeka na wengi wanaishi nalo bila kujua.

Mgonjwa wa aina tatu za dawa

Tuchukue mfano wa mama wa miaka 62 mwenye shinikizo la damu, anayetumia losartani pamoja na dawa ya kuongeza mkojo, haidroklorothiazaidi. Dawa zote mbili ni nzuri, na zimeandikwa kwa usahihi. Magoti yanamuuma, naye hununua diklofenaki kila baada ya siku chache. Losartani hulegeza mshipa unaotoa damu kwenye vichujio vya figo, haidroklorothiazaidi hupunguza maji mwilini, na diklofenaki hubana mshipa unaoingiza damu. Kila moja peke yake figo huweza kuistahimili. Zikikutana tatu, na mama huyo akapata kuhara kwa siku mbili, figo zake zaweza kusimama. Kabla ya kufikia hapo, diklofenaki itakuwa imekwishapandisha shinikizo lake la damu, na kliniki itakuwa imemwongezea dozi ya dawa ya shinikizo bila kujua chanzo.

Mfano huu hauhitaji mtu mzembe. Daktari ametimiza wajibu wake, mtoa dawa ameuza dawa halali, na mgonjwa ametafuta nafuu ya maumivu ya kweli. Kilichokosekana ni swali moja tu: "Mama, unatumia dawa gani nyingine?" Na mwisho wa njia hiyo kila mhudumu anaujua. Figo zikishindwa kabisa, mgonjwa huhitaji kusafishwa damu mara mbili au tatu kila wiki kwa maisha yake yote, au apandikizwe figo. Familia nyingi haziwezi kumudu gharama hizo, na vituo vinavyotoa huduma hiyo viko mbali na wengi.

Wapo wengine wanaostahili tahadhari ya pekee. Mgonjwa wa selimundu hupata maumivu makali mara kwa mara, na figo zake huwa tayari zimeguswa na ugonjwa wenyewe. Baadhi ya watu wazima wenye pumu hubanwa kifua wakitumia aspirini au ibuprofeni, kwa kuwa saiklooksijenasi ikifungwa, asidi ya arakidoni huelekea kwa wingi kwenye njia ya likotrieni. Mgonjwa anayetumia prednisoloni yuko katika hatari kubwa zaidi ya vidonda vya tumbo akichanganya na dawa hizi. Na mgonjwa anayetumia wafarini huweza kuvuja damu hadi kupoteza maisha.

Kisha kuna homa. Dar es Salaam ilikumbwa na mlipuko wa dengi mwaka 2014, na tena mwaka 2019. Katika siku za kwanza dengi huleta homa, maumivu ya kichwa, ya viungo na ya misuli, dalili ambazo mbele ya kaunta haziwezi kutofautishwa na malaria. Dengi huweza kupunguza chembe sahani, na katika hali mbaya huleta uvujaji wa damu. Kumpa mgonjwa huyo diklofenaki au aspirini ni kuzidhoofisha chembe chache zilizobaki. Kwa mtu mwenye homa ambayo chanzo chake hakijajulikana, dawa ya kushusha joto iwe parasetamoli, na hatua inayofuata iwe kipimo.

Pingamizi lenye uzito

Kuna wenzangu watakaosema kwamba hoja hii ni rahisi kuitamka ukiwa hospitali kubwa. Mkulima mwenye maumivu ya mgongo anaishi mbali na kituo cha afya, parasetamoli haimtoshi, na kesho lazima arudi shambani. Duka la dawa ndiyo hospitali yake. Pingamizi hili ni la kweli, nami sitaki kulipuuza. Maumivu yasiyotibiwa ni dhuluma, na dawa ninazozizungumzia ni miongoni mwa zilizo bora kwa baadhi ya maumivu. Msichana anayeumwa sana siku za hedhi, kwa mfano, anateswa na prostaglandini zinazotengenezwa katika mji wa mimba. Ibuprofeni humgusa penye chanzo hasa cha tatizo lake, na kwa msichana mwenye afya njema, siku mbili au tatu za matumizi kwa dozi sahihi ni tiba ya busara.

Sipendekezi, basi, kwamba dawa hizi zifungiwe kabatini au kwamba kila mwenye maumivu atumwe hospitali. Napendekeza kwamba zitolewe kwa kuuliza. Maswali manne yanatosha, na hayachukui hata dakika mbili. Je, una homa? Kwa mwanamke aliye katika umri wa kuzaa, je, una ujauzito au unahisi huenda unao? Je, umewahi kuambiwa una shinikizo la damu, kisukari, ugonjwa wa figo, wa moyo, pumu, selimundu au vidonda vya tumbo? Je, unatumia dawa gani nyingine kwa sasa? Jibu la "ndiyo" kwa lolote kati ya matatu ya kwanza, au kutajwa kwa dawa za shinikizo, za kuyeyusha damu au za steroidi, kuwe sababu ya kusita, kutoa parasetamoli kwa muda, na kumwelekeza mgonjwa kwa daktari. Mkulima wetu mwenye afya njema, asiye na lolote kati ya hayo, atapata dawa yake siku hiyohiyo, atumie dozi ndogo inayotosha kwa siku chache, baada ya chakula, huku akinywa maji ya kutosha.

Parasetamoli nayo ina mpaka wake. Mtu mzima asizidishe gramu 4 kwa siku, yaani vidonge vinane vya miligramu 500, na mwenye ugonjwa wa ini au mlevi wa kupindukia atumie pungufu ya hapo. Tahadhari hii ni muhimu kwa sababu sokoni kuna vidonge vinavyochanganya diklofenaki na parasetamoli katika kidonge kimoja. Mgonjwa hununua kidonge hicho, kisha akaongeza Panadol ya nyumbani na ibuprofeni ya jirani, akiamini ametumia dawa tatu tofauti. Kwa hakika ametumia parasetamoli mara mbili, na amekifunga kimeng'enya kilekile kwa dawa mbili. Kuchanganya diklofenaki na ibuprofeni hakuongezi nafuu kwa kiasi cha maana, huongeza madhara.

Elimu hiihii inaokoa maisha

Ingekuwa kosa kuacha picha ya hatari tupu. Elimu ya jinsi vimeng'enya vinavyogeuza asidi za mafuta imetupatia baadhi ya tiba zenye thamani kubwa katika huduma ya mama na mtoto. Shirika la Afya Duniani hupendekeza aspirini ya miligramu 75 kila siku kwa mjamzito aliye katika hatari kubwa ya kifafa cha mimba, ianzwe kabla ya wiki ya 20. Misoprostoli, ambayo ni prostaglandini iliyotengenezwa maabara na ambayo mwanzoni ilikusudiwa kulinda tumbo, leo hutumika kuzuia uvujaji wa damu baada ya kujifungua pale ambapo oksitosini haipatikani, kwa dozi ya mikrogramu 400 au 600 za kumeza. Mtoto aliyezaliwa na aina fulani za kasoro ya moyo hupewa prostaglandini kwa njia ya mshipa ili mshipa ule wa karibu na moyo usifunge hadi apate upasuaji.

Tazama jinsi mambo yanavyopatana. Mjamzito mmoja hupewa aspirini kwa dozi ndogo ili kumlinda, na mwingine hukatazwa diklofenaki ili kumlinda mtoto wake. Asiyejua habari za kimeng'enya ataona mkanganyiko. Anayejua ataona kwamba tofauti iko katika dawa, dozi, wakati na mtu. Hapo ndipo elimu inapomsaidia mhudumu kuliko orodha ya makatazo ya kukariri.

Wajibu wa kila mmoja wetu

Kwa madaktari wenzangu na matabibu: tunapoandika dawa za shinikizo la damu, kisukari au moyo, tumwambie mgonjwa waziwazi, na tuandike kwenye daftari lake la kliniki, kwamba asinunue diklofenaki, ibuprofeni wala dawa nyingine ya jamii hiyo bila ushauri. Mgonjwa ambaye shinikizo lake halishuki, tumuulize kuhusu dawa za maumivu kabla ya kuongeza dozi. Tuache pia mazoea ya kumchoma sindano ya diklofenaki kila anayeweza kumeza kidonge.

Kwa watoa dawa: nyinyi ndio mlango wa kwanza wa huduma za afya kwa Watanzania wengi. Maswali manne yaandikwe na kubandikwa kaunta, upande mnaouona nyinyi na upande anaouona mteja. Kwa vyuo vyetu: kozi za watoa dawa zifundishe maswali haya kwa vitendo, mwanafunzi akipimwa kwa namna anavyomhoji mteja, na kukumbuka dozi pekee kusimfanye afaulu.

Na kwako, ndugu msomaji unayetibiwa: una haki ya kuulizwa, na usipoulizwa, sema mwenyewe. Taja magonjwa yako na dawa zako zote, zikiwemo za kienyeji. Wahenga walisema mficha maradhi, kifo humuumbua. Ukijikuta unahitaji dawa ya maumivu kwa zaidi ya siku chache mfululizo, usitafute iliyo kali zaidi. Tafuta chanzo cha maumivu. Ukiona kinyesi cheusi kama lami, ukitapika damu, mkojo ukipungua au miguu ikivimba, acha dawa hiyo na ufike kituo cha afya siku hiyohiyo, ukiwa na karatasi au boksi la dawa uliyoitumia.